Fungate Kinosaki, Japani: mke hataki kuoga na watu asiowajua, nifanyeje?

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Kobe, nasoma shahada ya uzamili. Mwaka huu nimeoa nyumbani Tanga, na mke wangu anakuja huku mwishoni mwa Januari. Harusi ilipita mbiombio, fungate hatukupata, nikaona deni hilo nililipie hapa hapa Japani. Wenzangu darasani wananiambia nimpeleke mji wa maji moto uitwao Kinosaki, upande wa kaskazini wa mkoa huu huu wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani. Picha nimeziona: kijito katikati ya mji, mierebi pembeni, vidaraja vya mawe, watu wamevaa yukata, kanzu zao nyepesi za kufunga kwa mshipi, usiku wanatoka bafu hili wanaingia lile. Nimependa kweli.

Shida ni hii. Nimemweleza mwenzangu kwamba kule watu huoga uchi kabisa, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Akaniuliza, "Umenioa au umenitoa sadaka?" Sisi ni Waislamu, na yeye kalelewa na bibi yake, mtu wa haya. Halafu atakuja na piko mikononi na miguuni, maana shangazi zake hawatakubali apande ndege hivi hivi. Nimesoma kuwa mabafu mengi huku hayataki watu wenye tatuu.

Je, kuna njia ya kuufaidi mji ule bila kumuudhi? Na chakula vipi? Bajeti ni ya mwanafunzi, ila kwa hili nimejibana. Naomba ushauri wa waliofika, matusi pelekeni uzi mwingine.

MpitaNjia_Makorora

Mkuu, kwenu Amboni pale Galanos kuna maji ya moto ya kiberiti, yananuka yai viza, unaingia na bukta yako na hakuna wa kukuuliza. Mjapani kakuzidi nini?

Dada_wa_Osaka

Hongera ya ndoa, kaka. Mimi ni mwanamke, naishi Osaka, Kinosaki nimekwenda zaidi ya mara moja. Ngoja nikueleze upande wa wanawake, maana wanaume humu watakuelezea wasikoingia.

Piko lisikunyime usingizi. Mabafu yote ya umma ya Kinosaki yanawapokea wenye tatuu, jambo ambalo ni nadra katika miji ya aina ile. Kwingine hata ukiapa kwamba ni hina na itafutika, mhudumu anaona mchoro mweusi tu na anakurudisha. Ila ruhusa hiyo ni ya mabafu ya umma. Bafu la ndani ya nyumba ya wageni lina masharti ya mwenye nyumba, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Kuoga kwenyewe ni hivi. Mlangoni kuna mapazia mawili, kwa kawaida la buluu ni la wanaume na jekundu ni la wanawake. Usikariri upande, angalia pazia kila unapoingia, kwa sababu kuna mabafu yanayobadilishana pande. Ndani unavua kila kitu, nguo ya kuogelea haikubaliwi. Unaingia na kitaulo kidogo tu, unakaa kwenye kistuli, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka usibaki na povu, ndipo unaingia kwenye hodhi. Maji ya hodhi ni ya kujiloweka, uchafu wote uwe umeuacha pale kwenye kistuli. Kitaulo nacho hakigusi maji, wengi hukikunja wakakiweka kichwani. Mwenye nywele za kusuka azifunge juu. Simu haiingii kabisa.

Watu kutazamana uchi? Hakuna mwenye muda huo. Sisi weusi tutaangaliwa kidogo, ajuza mmoja atauliza umetoka nchi gani, atasema "oh, Afurika", atarudi kufumba macho. Lakini kama mkeo hataki, hataki. Usimbembeleze wala usimwambie atazoea. Tafuta ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani, yenye chumba chenye hodhi lake mwenyewe la maji moto, au yenye bafu la kukodi kwa faragha, wanaliita kashikiri. Mnafunga mlango, mnaingia wawili, hakuna wa kubisha hodi mpaka muda wenu uishe. Kwa watu walio kwenye fungate sioni hasara iko wapi.

Nyundo_ya_Likoni

Dada kasema vyema, mimi naongeza upande wa dini kwa sababu najua swali litakuja. Uchi wa mwanamke mbele ya wanawake wenzake, kwa tulivyosomeshwa sisi Washafii, ni kati ya kitovu na magoti. Kwa hivyo hata hayo mabafu ya wanawake watupu yana neno. Mumewe ni mlango mwingine. Bibi harusi wako hana ushamba wowote, anajua dini yake. Chukueni hodhi la faragha.

Pia kuna mabafu ya miguu barabarani, ashiyu. Mnakaa kibarazani na nguo zenu, mnatia miguu kwenye maji ya moto huku theluji inaanguka. Hayo ni bure na hayana fatwa.

Kijana_wa_Chumbageni

Ahsanteni sana. Kumbe hodhi la faragha lipo! Nimeangalia bei nikashtuka. Vyumba vyenye hodhi ni ghali, na nyumba nyingi zinaonyesha hodhi la pamoja ambalo ni dogo tu. Mji wa maji moto, halafu bafu la hoteli ni dogo kuliko la bwenini kwetu? Hapo nimeshindwa kuelewa.

MzeeWaGofu

Kijana, hapo umegusa penyewe. Zamani Kinosaki nyumba za wageni hazikuwa na bafu la maji moto ndani. Mgeni alilala ryokan, akaenda kuoga kwenye mabafu ya mji, na biashara za barabarani zikaishi kwa watu hao wanaopita. Mei 1925 tetemeko kubwa la ardhi likaupiga mji, moto ukauteketeza. Walipojenga upya, mwenye nyumba mmoja akataka kuwa na bafu lake la ndani. Wenzake wakakataa: chemchemi ni ya mji mzima, akiichukua mmoja wataichukua wote, na barabara itakufa. Kesi ikaanza miaka ya 1920 na haikumalizika mpaka 1950. Wakasuluhishana kwamba mabafu ya ndani yaruhusiwe, lakini yawe madogo.

Ndiyo maana hata leo raha yenyewe iko nje. Wenyeji husema mji wote ni nyumba moja ya wageni: stesheni ni mlango wa mbele, barabara ni ukumbi, ryokan ni vyumba, mabafu ya nje ndiyo bafu la nyumba. Ukilala mjini unapewa pasi ya kuingia mabafu hayo bila kulipa tena. Wewe mwenyewe usiyakose. Gosho-no-yu lina hodhi la nje linalotazama maporomoko, Ichino-yu lina hodhi ndani ya pango, na Kono-yu ni la kale zaidi, wanasimulia kwamba korongo aliyeumia mguu alionekana akijitibu pale. Kila bafu lina siku yake ya kufungwa katika wiki, angalia ratiba. Wa kwanza kuingia asubuhi hupewa kumbukumbu ndogo, na mimi nimewahi kuona wazee wa miaka 70 wakipanga foleni gizani kwa ajili hiyo. Sikuwacheka, nilikuwa nyuma yao.

Dada_wa_Osaka

Mzee kanikumbusha. Kijana, bei ya ryokan huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, na mara nyingi chakula cha jioni na cha asubuhi kimo ndani. Usije ukaona namba ukadhani ni ya wawili. Epuka siku za mwaka mpya na Jumamosi. Jumanne au Jumatano ya mwisho wa Januari bei hupumua.

Mwambie mkeo alete nguo za joto za kuvaa ndani ya yukata, pale theluji huanguka kweli. Ryokan watampa koti la juu na mitalawanda yao, geta. Yukata upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia, kinyume chake ndivyo wanavyomvisha maiti. Hijabu haina tatizo lolote barabarani.

Kijana_wa_Chumbageni

Na chakula? Januari si ndiyo msimu wa kaa? Kila tangazo ninaloona ni kaa, kaa, kaa.

Nyundo_ya_Likoni

Hapo tena! Kaa kwetu Washafii kuna maneno, kuna masheikh wanaokataza kwa sababu anaishi majini na nchi kavu. Muulize sheikh wako.

MzeeWaGofu

Nyundo, huyo wa sababu hiyo ni kaa wa mikoko. Kaa wa Kinosaki, matsuba, anakaa chini baharini mita 200 na zaidi, nchi kavu anaijua akiwa kwenye chungu. Lakini sawa, aulize sheikh. Dume huvuliwa kuanzia Novemba 6 hadi Machi 20, na karamu ya kaa ndiyo inayopandisha bei, inaweza kuvuka yeni 30,000 kwa mtu mmoja. Ukichukua usiku usio na karamu ya kaa umeokoa fedha nyingi.

Dada_wa_Osaka

Mimi ningehofia zaidi pombe ya kupikia kuliko kaa. Sake na mirin, pombe zao za mchele, huingia kwenye mchuzi, kwenye samaki wa kuchoma, hata kwenye mboga za kuchemsha. Na nyama ya ng'ombe wa Tajima, wa upande ule ule, ni maarufu, lakini usitarajie imechinjwa kihalali. Waandikie siku kadhaa kabla, kwa Kijapani: hatuli nguruwe, hatuli nyama, hatutumii pombe hata ya kupikia, samaki tunakula. Baadhi watakubali, baadhi watajibu kwa adabu kwamba hawawezi. Anayesema hawezi mshukuru, huyo amekuambia ukweli. Ukikosa kabisa, chukua chumba bila chakula, mle samaki wa chumvi na wali mjini, mkachemshe mayai kwenye maji ya chemchemi karibu na kituo cha ropwe, kile kigari cha kamba cha kupandia mlimani.

Binti_Bagamoyo

Kama hayo yote ni mzigo, Arima iko ndani ya Kobe kwenu huko huko, mnakwenda na kurudi siku moja. Maji yake ya "dhahabu" yana chuma na chumvi, yana rangi ya kutu. Bafu la faragha linapatikana. Na siku ukiwa na nauli, Ibusuki huko Kagoshima wanakuzika kwenye mchanga wa moto ukiwa umevaa yukata. Nguo mwilini, jasho kibao.

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu, nimemsomea mke wangu uzi wote kwa simu. Mchanga wa Ibusuki ameukataa, anasema kuzikwa bado mapema. Kinosaki kakubali, kwa masharti: hodhi la faragha, samaki, na miguu barabarani. Mimi nitakwenda mabafu ya nje yeye akilala mchana. Nimepata ryokan yenye kashikiri, Jumanne, bila kaa, wamekubali kupika bila pombe.

Swali la mwisho. Nipande treni gani kutoka Sannomiya? Na yeye ana presha ya kushuka, maji hayatamdhuru?

Dada_wa_Osaka

Hamakaze, inakwenda moja kwa moja, muda wa saa mbili na nusu hadi tatu hivi. Safari zake kwa siku ni chache mno, kata tiketi mapema. Mwenye presha ya kushuka asikae kwenye maji muda mrefu. Yale ni nyuzi 40 na kitu. Dakika tano atoke, apumzike, anywe maji, arudi akitaka. Ainuke polepole, ashike ukingo. Na asiingie akiwa na njaa wala mara tu baada ya kushiba. Akiwa anatumia dawa, amuulize daktari wake Tanga kabla ya kupanda ndege.

MpitaNjia_Makorora

Picha za miguu tu, mkuu. Na piko lionekane.