Masika ya kaskazini mwa Kenya yamerudi kweli?

Mleta mada:
Tangu mafuriko ya 2024 nasikia watu wakisema masika yamerudi Wajir, Marsabit na Garissa, kwa hiyo habari za ukame tuziache. Mimi nasema hayajarudi. Tangu miaka ya 1980 msimu wa Machi hadi Mei umekuwa ukifupika: mvua inachelewa kuanza, inawahi kukatika. Mfugaji hapimi milimita. Anataka majani yakae mabichi wiki kadhaa, ng'ombe azae, maziwa yapatikane. Mvua ya siku nne inayojaza laga (mito ya msimu) na kuzoa mbuzi haimpi hilo. Kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano ilikosa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Aliyebaki na mbuzi kumi bado hajasimama. Je, kaunti ziendelee kupanga maji na chanjo kwa kungoja masika, au zihamie vuli?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu yangu, hapo sikubali. Masika ya 2018 yalikuwa makubwa, ya 2020 vilevile, ya 2024 ndiyo usiseme. Ule upungufu wanasayansi wengi wameuhusisha na joto la Pasifiki ya magharibi, na bahari hubadilika. Isitoshe, modeli nyingi za hali ya hewa zinaonyesha masika yakiongezeka karne hii. Ukihamishia kila kitu vuli, siku Bahari ya Hindi, ambayo vuli inaitegemea, ikigeuka utawaambia nini watu wa Mandera?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnatazama juu, tazameni chini. Kando ya mto Tana, mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho, imefunga njia tulizopitisha ng'ombe kwenda kunywa. Halafu kuna joto. Mwaka 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walieleza kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame ule uwezekane angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto linanyonya unyevu wa udongo. Hata mvua ikinyesha kiasi kilekile cha zamani, nyasi haziioni.

Mleta mada:
Nianze na wa kwanza. Modeli hizo hizo zilionyesha ongezeko wakati vipimo vya mvua vikionyesha upungufu. Mambo hayo mawili hayajapatanishwa vizuri, nami siwezi kumkabidhi mzee wa Marsabit utabiri wa namna hiyo auze nao ng'ombe. Lakini kuhusu vuli umenigusa. Vuli ya 2019 na ya 2023 zilileta gharika, na katikati yake La Nina (kupoa kwa maji ya Pasifiki) ya miaka mitatu ikatukausha. Kwa hiyo naondoa neno "kuhamia". Nasema tujiandae kwa misimu yote miwili: silanga (mabwawa ya kukinga maji ya mvua) zichimbuliwe tope kabla ya Machi, na tena kabla ya Oktoba.

Ndugu wa pili, kwenye joto tuko pamoja. Ndiyo maana naunga mkono Samburu kugawa ngamia tangu 2015, ingawa ngamia si wa kila nyumba, na kwa wengine kumwacha ng'ombe ni kuacha mahari na jina la ukoo. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010 nayo husoma ukijani wa malisho kwa setilaiti, haihesabu matone. Hicho ndicho kipimo ninachokidai. Wa Isiolo na Turkana, kwenu masika ya mwisho majani yalikaa mabichi wiki ngapi?