Naomba ushauri, shemeki anataka tutie mtaji wote mu kripto

Bandugu munisaidie. Shemeki anataka tutoe dola 1,500 tulichunga ya biashara ya vitenge ku Birere hapa Goma, tupatie mtu moja eti atazizalisha mu kripto (zile pesa za ku interneti), kila siku ananionyesha picha za magari mu simu. Mimi nikamukumbusha ule Sam Bankman-Fried wa Marekani, alianzisha FTX, kampuni ya kuuza na kununua kripto, 2019, akakuwa bilionea (na ile nywele hachanangi), Novemba 2022 yote ikaanguka mu siku chache, kumbe pesa za wateja zilikuwa zinapita ku kampuni yake ingine, 2024 wakamukatia miaka 25. Shemeki anacheka, eti ule ni muzungu, wetu tunajua nyumba yake hapa Goma. Sasa njo bwana ya dada yangu, namukatalia namna gani bila kuvunja famili?