Kukwepa maneno sababu ya kigugumizi

Wadau wa Tanga shkamooni, nina kigugumizi ila wengi hawajui maana neno nikiona litakwama nalibadilisha fasta, dukani nataka sukari naishia kuomba chumvi, kwenye daladala jina la kituo changu, Chumbageni, halitoki mdomoni basi napitishwa narudi kwa miguu. Kichwa kinachoka jamani. Kuna aliyeacha kukwepa maneno hivi?

— Pole ndugu yangu. Kukwepa ndo kunakuza woga, neno ukilikimbia leo kesho linazidi kutisha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

— Wataalamu wa tiba ya usemi wanafundisha hadi kugugumiza kwa makusudi, woga unapungua. Mi naanzaga kwa muuza mihogo, namwambia kabisa nina kigugumizi nisubiri, na anasubiri.

— Na nyie wasikilizaji msitumalizie sentensi, inauma sana.