"Picha imetoka nzuri sana" na mimi naona madaktari wawili!

Wakuu, ndiyo kwanza natoka kliniki, naandika nimefumba jicho moja ili herufi zitulie. Daktari wangu ni yule bwana anayeongea na kompyuta. Leo nimemwona mara mbili: mmoja juu, mmoja chini, wote wanatabasamu, wote wananiambia, "Picha imetoka nzuri sana."

Mwezi wa nne huu tangu sakafu ya tundu la jicho, yaani mfupa wa chini ya jicho, ivunjike nikawekewa kibati cha titani. Nikitazama mbele, dunia moja. Nikitazama chini, mbili. Ngazi nashuka kwa makalio kama mtoto. Juzi nimemimina maji kwenye glasi ambayo haipo! Shavu ganzi, mdomo wa juu ganzi, mpaka ufizi. Chakula kikiganda mdomoni naambiwa na watu. Namweleza yote, ananigeuzia kompyuta: "Unaona kibati kilivyokaa?"

Naviona. Viwili!

Wiki baada ya wiki nimekatazwa kupenga kamasi, eti hewa itapenya kwenye tundu la jicho. Nikatii, napiga chafya mdomo wazi kama kiboko. Malipo yangu: picha nzuri. Kwani nilikwenda studio?

Kisiki: Mkuu, si faida hiyo? Mshahara ukiingia unauona mara mbili.

MamaPacha: Pole. Hiyo ganzi hakukwambia? Mshipa wa fahamu unapita palepale kwenye mfupa uliovunjika. Wangu ulichukua miezi 8, ukaanza kurudi kama siafu wanatembea shavuni.

Kisiki: Kwa mleta uzi watakuwa siafu mara mbili.

Mleta uzi: Hakuniambia LOLOTE! Kaniambia picha imetoka nzuri sana!

MamaPacha: Mwambie akupime misuli ya jicho, asipime kibati. Mimi nilipewa miwani yenye prizimu, kioo kinachopindisha mwanga, ngazi zikarudi kuwa moja.

GotiBovu: Afadhali nyie. Goti langu lina skrubu, nikikunja linalia kama mlango. Naambiwa "zoea".

Kisiki: Likunje karibu na simu tusikie.

Pengo: Magoti tena? Mimi nimeng'olewa jino zima, bovu limebaki!

GotiBovu: Duh! La juu au la chini?

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye jicho.

Kisiki: Lipi, mkuu?

Pengo: La chini. Halafu akanidai hela ya yote mawili.