Naombeni ushauri: vivimbe vya kibofu vimerudi, nivichome kwa leza kwa ganzi tu?

mkimyakimya: Wakuu, salaam. Naandika mkono unatetemeka. Niliwahi kutolewa vivimbe kwenye kibofu cha mkojo, nikalazwa, nikapigwa nusu kaputi. Sasa kamera imeonyesha vingine vidogo. Daktari mmoja anasema atavichoma kwa leza, nawekewa jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, naingia asubuhi natoka mchana kwa miguu yangu. Swali ni moja tu: inauma kiasi gani? Matusi sitaki.

Kigoda: Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa siti ya mbele.

Shangazi Taratibu: Pole mwanangu. Mimi nilifanyiwa. Jeli ya lidokaini inaachwa kwanza ikolee, ndipo kamera laini inayopinda inaingia. Sisi wanawake njia ni fupi. Nyie mna kona ya tezi dume, hapo utakunja vidole vya miguu. Leza yenyewe ni vichomo vidogo vidogo. Nilikuwa natazama kwenye skrini, kinyama chekundu chenye nyuzinyuzi kinageuka cheupe. Mpira wa mkojo sikuwekewa. Nilikojoa pinki, kukachoma, nikanywa maji hadi nikayachukia. Aliyezimia ni mume wangu, tena nje kwenye benchi! Wakaniacha mimi wakamkimbilia yeye, na mpaka leo anadai ilikuwa njaa.

Mchokozi: 😂😂 Shemeji apewe BP yake.

dawa_chungu: Unavuta sigara? Ndiyo sababu namba moja ya saratani ya kibofu. Sumu ya moshi inachujwa na figo, inakaa kwenye mkojo, kibofu kinashinda kinaogelea humo. Watu mnataka leza na paketi iko mfukoni.

mkimyakimya: Sikuuliza habari za sigara.

Mchokozi: Jibu limejitoa lenyewe.

Nesi wa Zamu: Mkuu, maumivu yaweke pembeni. Maabara walisema vile vya kwanza ni daraja gani, yaani ukali wa seli zake? Leza ya ganzi inafaa vivimbe vidogo, vichache, vya daraja la chini vilivyorudi. Inaunguza, kwa hiyo hakibaki kinyama cha kupima, labda wachukue kipande kwanza.

mkimyakimya: Vilikuwa vidogo tu. Daktari alisema tumewahi.

Nesi wa Zamu: Sijauliza ukubwa. Daraja?

mkimyakimya: La juu. LAKINI havikuwa vimeingia kwenye msuli. Walitaka niwe nawekewa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, kwenye kibofu kila wiki, nikaenda kidogo nikaacha, nina kazi mimi. Halafu natumia dawa za kuzuia damu kuganda, moyo wangu haujakaa sawa, na huyu wa leza kasema sina haja ya kuziacha. Nimeshalipia nusu, tarehe ipo. Sasa mnataka nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Kuhusu dawa za damu yuko sahihi, leza haitoi damu nyingi. Ila daraja la juu si la kuchoma tu ukaenda nyumbani. Linakatwa mpaka kipande cha msuli kiende maabara, ijulikane limefika wapi. Ukichoma juujuu unafuta ushahidi, na mzizi unaweza kuwa bado uko chini.

Jicho_Kavu: Hii chai. Mwanachama mpya, uzi wa kwanza, "naingia asubuhi natoka mchana". Kesho mtu ataleta namba ya simu ya kliniki. Na Shangazi naye kajiunga lini?

Shangazi Taratibu: Nimejiunga wewe ukiwa bado unaomba ruhusa ya kushika simu.

Kigoda: Chai yenyewe haina hata sukari. Wasimamizi, peleka kule kwa matangazo.

mkimyakimya: Tangazo gani linamtisha mteja? BCG ukishawekewa unaibana saa mbili. Ukienda kukojoa unakaa kama mwanamke isiruke, halafu unamwaga dawa ya kung'arisha nguo chooni na kusubiri kabla ya kuvuta maji, maana vile ni vijidudu hai. Kukojoa kwenyewe unashika ukuta. Nikae nitunge hilo ili iweje?

Jicho_Kavu: Ya chooni imenimaliza. Weka basi karatasi ya maabara, ficha jina.

mkimyakimya: Siweki.

Nesi wa Zamu: Usituonyeshe sisi. Daktari wa leza ameiona?

mkimyakimya: Hakuuliza. Nilimwambia nilitolewa vivimbe, basi.

Nesi wa Zamu: Mpelekee kabla ya hiyo tarehe, na umwambie na BCG uliiacha.

dawa_chungu: Na sigara umwambie.

mkimyakimya: Nitampelekea. Lakini akiiona akasema twende, mimi naenda na leza, msije mkanisema humu.