Tupeane uzoefu: togi wa vuli karibu na pwani, na zana unayoiamini

Mwambani, New Jersey (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Majani yameanza kupukutika na maji yameshuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa sisi tunaoishi mwambao wa mashariki ya Marekani, vuli ya huku haina mvua za kupandia, ina togi. Najua humu tuko wengi tunaovua, na kila mtu ana lake kuhusu kaa na ndoana. Leteni safari zenu, zilizofana na zilizoharibika, mtaje na zana mnayoiamini.

Kwa mgeni: namzungumzia tautog, jina lililotoka kwa Wanarragansett, wenyeji wa asili wa Rhode Island. Wazungu wengi wa huku humwita samaki mweusi, sisi tumezoea togi. Ana undugu na pono wetu. Midomo minene, meno ya mbele yametokeza, na kooni ana magego ya kusagia kome na kaa. Makazi yake ni majabali, kuta za mawe na meli zilizozama. Mchana anakula, usiku analala kwenye mwanya wa jiwe. Ukitupa penye mchanga, hata hatua chache tu kutoka kwenye jiwe, siku yako imekwisha.

Nianze mimi. Nimekulia Tanga kwa mshipi wa mkono, nikaja huku nikiamini jiwe nalijua. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Novemba, boti ya kulipia kutoka Belmar, maji futi 60. Tulipewa kaa wa kijani, unamkata nusu, unamng'oa miguu, ndoana inapita kwenye tundu la mguu. Nikisikia tu ngo, ngo, navuta. Inapanda ndoana tupu. Nikaweka kaa mwingine, ngo, ngo, navuta, tupu. Saa nne nzima hivyo, na ndoo ya kaa ikaisha. Mzee aliyesimama pembeni yangu alikuwa ameshapandisha watatu. Akaja akanishika mkono wa fimbo, akaniambia: hapo anavunja ganda tu, bado hajala.

Ndivyo anavyokula. Anamdaka kaa kwa meno ya mbele, anamvunja, halafu anamsogeza kooni kwenye magego. Kugonga kwa mwanzo ni kuvunja. Uzito unakuja baadaye, kama vile mtu ametundika kikapu kwenye uzi wako. Hapo ndipo unainua fimbo kwa nguvu na kuzungusha bila kupumzika, kwa sababu mita ya kwanza akikushinda amesharudi shimoni. Mzee alinipa kaa wake mmoja. Nilingoja mpaka mkono ukaniuma. Akapanda wa inchi 18, na mpaka leo nakumbuka jinsi fimbo ilivyoinama hadi kwenye ubao wa boti.

Zana yangu: fimbo ya futi 7, ncha laini lakini kiuno kigumu. Rili ya ngoma ya Penn. Uzi wa kusuka wa pauni 40, mbele yake pima moja ya nailoni ya pauni 50 kwa sababu ya mawe. Ndoana moja tu, aina ya Virginia. Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha ndoana, la aunsi 6 hadi 8 kutegemea mkondo, na chubwi hilo nalifunga kwa uzi dhaifu wa pauni 20. Likinasa kwenye jiwe linakatika lenyewe, ndoana na samaki vinarudi. Tangu nianze hivyo sijapoteza samaki kwa sababu ya chubwi kukwama.

Wa Kilifi, Lowell

Mwambani asante kwa uzi huu, lakini kwenye kungoja napishana na wewe kidogo.

Mimi huteremka kutoka Lowell hadi Buzzards Bay na rafiki yangu mwenye mashua ndogo. Mwezi wa kumi togi bado wako maji mafupi, futi 10 hadi 25. Huko chubwi kubwa la nini? Natumia ndoana yenye kichwa cha risasi, nusu aunsi hadi aunsi moja, fimbo nyepesi, rili ndogo ya Daiwa, uzi wa kusuka wa pauni 20. Kaa namweka mzima, mdogo. Kwa kuwa risasi, ndoana na kaa ni kitu kimoja, akimdaka kaa ndoana tayari iko mdomoni. Ukihesabu mpaka tatu ameshaitema. Mimi nasikia ngo ya kwanza, ya pili naipandisha.

Kaa wangu sinunui. Maji yakipwa napindua mawe ufukweni, chini yake wamejaa kaa wa Asia, wadogo, miguu ina mistari. Hawa si wa huku, walionekana mara ya kwanza New Jersey mwaka 1988, sasa wako kila jiwe. Togi wanawapenda sana.

Safari ninayoikumbuka kwa uchungu ni ya miaka mitatu iliyopita. Asubuhi tulivu, maji yamesimama, nikamshika samaki ambaye hadi leo naamini alizidi pauni 10. Breki ya rili nilikuwa nimeilegeza, kwa mazoea ya kuvua samaki wanaokimbia maji wazi. Huyu hakimbii mbali. Futi tatu zinamtosha, anaingia kwenye mwanya, anajitanua, basi. Nilivuta kwa hasira, uzi ukakatika kwenye jiwe. Siku hizi breki naifunga karibu kabisa. Na akiingia shimoni silazimishi tena: nalegeza uzi kabisa, nasubiri dakika mbili tatu, mara nyingine anatoka mwenyewe akidhani mambo yamekwisha. Njia hiyo imenirudishia samaki wawili.

Mwambani, New Jersey

Wa Kilifi, kwa risasi nakubali. Ila ije ile Novemba ya mwisho, samaki wameshuka futi 70, mkondo unakokota, hiyo nusu aunsi yako haifiki chini. Tuseme hivi: risasi kwa Oktoba, chubwi kwa baridi.

Mtoto wa Uvira, Providence

Jambo sana wandugu. Mimi sina mashua. Nilizaliwa Uvira, nimevua mukeke na sangala na baba yangu Tanganyika, usiku, na taa. Nilipofika Rhode Island nilishangaa samaki huyu analala usiku. Ilibidi nijifunze upya kuvua mchana.

Navulia juu ya majabali ya Beavertail, kule Jamestown. Fimbo futi 9 ili uzi upite juu ya mawe ya mbele, chubwi aunsi 3, ndoana moja, kaa wa kijani nusu. Maji pale ni marefu karibu kabisa na miguu yako, huhitaji kutupa mbali. Wengi wanatupa mbali na samaki wako chini ya viatu vyao.

Lakini nimekuja kusema jambo lingine. Mwaka juzi, mwisho wa Oktoba, bahari ilionekana nzuri. Nilikuwa na viatu vya mpira vya kawaida. Jabali la chini lilikuwa jeusi, na mimi sikujua kwamba jeusi ni mwani, na penye mwani wimbi linafika. Wimbi moja lilikuja kubwa kuliko yote, likanipiga kiunoni, nikateleza mita nne. Mshipi wa mfuko wangu ulinasa kwenye ncha ya jiwe na ndio ulioniokoa. Maji yale ni baridi, vidole vilikuwa havikunji. Fimbo ilikwenda.

Sasa navaa viatu vyenye njumu za chuma na jaketi la kuokolea, kila siku, hata bahari ikiwa kama kioo. Nikifika nakaa kwanza robo saa juu, naangalia mawimbi yanafika wapi, ndiyo nashuka. Jabali likiwa jeusi na limelowa, sikanyagi. Na siendi peke yangu. Nina watoto wanne, nawaomba na nyinyi mfanye hivyo.

Bi Wete, Connecticut

Assalaam alaykum. Mwanangu wa Uvira, pole sana, na Mungu akuhifadhi. Haya maneno wayasome vijana wote.

Nyie mumezungumza fimbo na kaa, nanga hamkuitaja. Mimi na Baba Khamis tuna kijiboti cha futi 19, twavua nje ya New Haven, karibu na zile kuta za mawe za kuzuia mawimbi. Kutia nanga ni kazi yangu, naye yuko kwenye usukani. Mwaka wa kwanza tulikuwa na nanga moja. Tunafika juu ya jiwe, mashine yaonyesha jiwe lipo, tunapata samaki wawili upesi upesi, kisha kimya. Tukabadilisha kaa, tukabadilisha ndoana, tukalaumu maji. Kumbe upepo ulikuwa umegeuka na boti imezunguka kwenye kamba yake. Tulikuwa twavulia mchangani.

Sasa natia mbili. Ya kwanza naitupa upande upepo unakotoka, kisha Baba Khamis asogeza boti kwa ubavu, naitupa ya pili, kamba zikae kama herufi V mbele yetu. Hapo boti haipepei. Na nikitaka kuhama hatua mbili tatu nalegeza kamba moja na kukaza nyengine, sing'oi kitu. Tukikaa dakika ishirini bila kuguswa nasogeza kidogo. Siku ya Novemba mwaka jana tulisogea urefu wa boti mara tatu. Jiwe lilikuwa lilelile, lakini ubavu wake wa mashariki ndio uliokuwa na samaki. Tukapata haki yetu ya kisheria sote wawili, watatu watatu, na nusu ya kaa wakabaki.

Na kupika: usihangaike na magamba, ni madogo na yana ute. Mchune ngozi yote. Nyama yake nyeupe na ngumu, haivurugiki, ndiyo maana mimi namwona ni samaki wa mchuzi kuliko wote wa huku. Paka chumvi, ndimu, thomu na tangawizi, mchome nusu, kisha tui zito la nazi na pilipili umpake huku akiendelea kwenye makaa. Kichwa usitupe. Mashavu yake ni vipande viwili vya nyama tupu, na supu yake yaganda ikipoa.

Juma, Bridgeport

Shikamooni wakubwa. Mimi mgeni kabisa, nimesoma yote mara mbili. Sina hela ya boti wala fimbo mbili. Nianze na nini?

Mwambani, New Jersey

Marahaba Juma. Leseni ya bahari kwanza, Connecticut inatakiwa. Kwenu msimu wa vuli huanza Oktoba 10, samaki 3 kwa mtu, si chini ya inchi 16; kila mwaka angalia tena maana hubadilika. Kwetu New Jersey kipimo ni inchi 15, samaki mmoja tu mpaka Novemba 15, baada ya hapo watano. Fimbo moja ya futi 7 yenye kiuno kigumu, rili ya kawaida, uzi wa kusuka wa pauni 30, ndoana na chubwi za aunsi 3. Kaa pindua mawe kama alivyosema Wa Kilifi. Tafuta ukuta wa mawe, uvulie miguuni pako.

Nahodha Mstaafu, Brooklyn

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Mimi nimeanza kuvua togi na boti za Sheepshead Bay wengi wenu hamjafika nchi hii.

Nasema kuhusu wakubwa. Huyu samaki anakua polepole mno na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Mkubwa unayempandisha anaweza kuwa na umri wa huyo Juma. Rekodi ya dunia alivuliwa Ocean City, Maryland, Januari 2015, karibu kilo 13. Samaki wa aina hiyo habadilishwi na mwingine kesho. Dume utamjua kwa kidevu cheupe na kipaji kilichosimama. Jike ni wa hudhurungi, madoadoa. Jike mkubwa amebeba mayai mengi kuliko wadogo kadhaa. Mimi wa juu ya inchi 20 nawapiga picha nawarudisha, na Rhode Island na Massachusetts sheria yenyewe inakuruhusu mmoja tu aliyezidi inchi 21.

La pili. Kuna soko la togi hai, wanaowekwa kwenye matangi ya maji, na bei yake imewafanya watu kuvua wadogo kwa siri. Majimbo yalianza mwaka 2020 kutaka kila togi wa biashara afungwe kitambulisho cha chuma kwenye kifuniko cha shavu. Mwaka juzi niliingia duka moja mtaani nikawaona watano tangini, inchi 12, hata mmoja hana kitambulisho. Niliumia. Niliripoti. Msinunue samaki wa namna hiyo, hata mkiuziwa nusu bei.

Zana yangu ni ileile ya Mwambani. Nyongeza moja: Desemba kaa wa kijani akikataliwa, tafuta kaa wa miamba wa miguu myeupe. Ganda lake laini zaidi.

Juma, Bridgeport

Wakuu, narudi na taarifa. Jumamosi nimekwenda ukutani na binamu yangu, viatu vya njumu vya kuazima, jaketi la kuokolea mwilini. Kaa wa Asia tulipata 40 kwa nusu saa. Wa kwanza nilimvuta mapema, tupu. Wa pili pia. Wa tatu nikajilazimisha, nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, uzi ukawa mzito, nikainua. Nilitamani kupiga kelele lakini pumzi hazikutosha. Inchi 17 kamili, tumempima mara tatu. Nilipata mwingine wa 13 nikamrudisha, na mmoja mkubwa aliingia shimoni. Nikalegeza uzi nikangoja kama alivyosema kaka wa Kilifi. Hakutoka.

Bi Wete, nimemchuna ngozi. Nazi ninazo. Makaa siruhusiwi kuwasha kwenye nyumba hii, je, oveni itafaa kumpakia?

Bi Wete, Connecticut

Yafaa mwanangu. Moto wa juu, mlango wa oveni wazi kidogo, umpake tui mara tatu. Kichwa kitie sufuria nyengine sasa hivi.