MREJESHO: Kupaniki kwenye testi za darasani

Wakuu, shukrani. Swali lilikuwa: mtu kasoma, lakini karatasi ikigawiwa kichwa kinakuwa cheupe, afanyeje?

Dawa kubwa ni kufanya pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) huku unajipimia muda. Daftari limefungwa, simu mbali, testi ya dakika 60 ifanye kwa 50. Kupitia slaidi mara tano kunadanganya: macho yamezizoea, mkono haujawahi kuandika jibu hata moja.

Ukumbini, gawa muda kwa alama. Alama 25 kwa dakika 60 ni dakika 2 kila alama, zinabaki 10 za kusoma maswali na kuhakiki. Swali la alama 5 likifika dakika 10, acha nafasi, ruka. Wengi wanazamia swali la kwanza, hapo ndipo presha inapoanzia.

Moyo ukidunda, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, mara tano. Kuitoa taratibu ndiko kunakoshusha mapigo.

Kahawa ya saa nne usiku, hapana: saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Testi ikirudishwa, mfuate TA (msaidizi wa mhadhiri) na karatasi yako wiki hiyohiyo.